Mswala wa Bi Mize

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo nimekuja na kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Huko Pemba alikuwapo Bi Mize, msukaji wa mikeka, na wanawe watatu. Kombo, mkubwa, alijaliwa sauti, akawa muadhini wa msikiti wa kijiji. Faki alijaliwa akili ya mashine. Alisaga nafaka za watu kwenye banda nyuma ya nyumba ya mama yake. Time, binti pekee, alijaliwa mikono ya kuuguza, na mikono hiyo haikumwachia nafasi ya jambo jingine.

Time ndiye aliyekuwapo chumbani mama alipomaliza kushona mswala wake wa mwisho. "Huu mumpe atakayemtanguliza Mungu siku ya kufa kwangu," alisema Bi Mize. "Na mniombee nife na shahada mdomoni. Mie naogopa hilo tu."

Haukupita mwezi, kiharusi kikamfunga ulimi. Kikamwachia kitu kimoja: adhana ikisikika, midomo yake ilimjibu muadhini neno kwa neno, kama alivyozoea tangu utotoni. Adhana ikiisha, ulimi unafungika tena.

Siku yenyewe ilikuwa mkesha wa sikukuu. Mashine ya Faki ilinguruma tangu asubuhi, foleni imefika barabarani. Baada ya adhuhuri hali ya mama ikageuka. Time alitaka kwenda kusali, lakini kila alipochomoa mkono, mama alihema kwa hofu na kuung'ang'ania. Time akakaa. Alimtilia maji mdomoni kwa kijiko, akamnong'oneza shahada sikioni, mara ya kumi, mara ya ishirini. Midomo haikutikisika.

Kombo alikuwa miguuni pa kitanda. Alasiri ilipokaribia, akainuka.

"Kaka, leo si aadhini mwengine?" Time alimsihi. "Mama anakwenda."

"Naona, Time. Lakini zamu hii sikupewa na watu." Akambusu mama kwenye paji la uso, akatoka huku analia.

Nyuma ya nyumba, saa ya adhana ilipofika, Faki aliushika mkono wa mashine. Hakuna aliyemwambia hali ya mama; ila kila adhana alizima, ndiyo desturi yake, hata watu wakinuna.

"Faki, nimalizie debe langu tu!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Baada ya adhana, dada." Akazima.

Kijiji kizima kikanyamaza. Time akaisikia sauti ya Kombo, inatetemeka, na akaona midomo ya mama ikifunguka. Bi Mize alishuhudia kwamba hapana mola ila Mwenyezi Mungu, akashuhudia na Mtume wake. Kombo alipoita watu waje kwenye sala, midomo haikumfuata tena.

Time alijua mambo mawili kwa pamoja. Mama amepata alichokitaka. Na alasiri imeingia, adhuhuri yake imempita.

Kisha mashine ikawaka. "Faki!" alipiga ukelele. "Faki, kaka yangu!" Hakusikika. Madebe matatu yalisagwa huku mama yao amelala maiti nyuma ya ukuta.

Baada ya maziko Time aliuleta mswala, akaeleza wasia.

"Mie siustahili," alisema Kombo. "Mama alinitafuta kwa macho nami nikampa mgongo."

"Na mie nilizima, kisha nikawasha tena," alisema Faki. "Ningechungulia dirishani tu, ningemkuta hai."

Time akausukuma mswala kwao. "Nyinyi Mungu mlimtanguliza. Mie nilikaa nimeshika mkono wa mtu, sala ikanipita."

Wakalia wote watatu. Mswala ukarudi ukutani, umekunjwa, na mpaka leo hakuna aliyeusalia.

Sasa tazameni. Bila sauti ya Kombo, mama asingekuwa na wa kumjibu. Bila ukimya wa Faki, asingeisikia. Bila mkono wa Time, pengine asingefika alasiri. Mie nimeshindwa, na kila nikiwaza namwona Time anavyoutazama mswala ule.

Je, wewe ungemtandikia nani?