Shamba Lililohamia Bwawani

Sogeeni karibu, wanangu. Wa kule nyuma, mkeka huu una nafasi. Mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, tutulie, maana neno lenyewe ni fupi.

Palikuwa na mjane mmoja huko milimani. Kijijini kwao kulikuwa na kibwawa, na maji yake ndiyo yaliyozungusha mtambo wa umeme. Mama yule alifuga kuku, akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine haina mabawa, wanangu. Umeme ukikatika, mayai yanapoa, vifaranga wanafia ndani.

Shamba lake liliteremka hadi kibwawani. Desturi yao, matete ya ukingoni hayaguswi na jembe. Lakini udongo wa pale mweusi, laini! Mama akang'oa matete, akapanda mahindi.

Fundi wa mtambo akamwita kutoka ng'ambo, "Shemeji, sasa utalima mpaka kitandani kwangu!"

"Nimekuondolea nyoka wa kwenye matete, hata asante husemi?"

"Hao nyoka walikuwa walinzi wetu. Ngoja masika."

"Masika yakija utapata maji hata ya kuoga, maana huogi!"

Masika yakaja, tena ya neema. Taa ziliwaka usiku na mchana. Mama akavuna, akatamba.

Kiangazi kikaingia. Mashine imejaa mayai, vifaranga wanalia ndani ya maganda, umeme ukazimika. Akayafunika kwa khanga, kwa blanketi, kisha akakimbilia mtamboni.

"Shemeji, washa! Wanangu wanakufa!"

"Niwashe na nini? Maji yamekwisha."

"Masika yote yale?"

Fundi akachomeka ufito kibwawani, ukasimama wenyewe. Maji kiganja tu. Chini yake tope jeusi, limechanganyika na mabua ya mahindi. Mama akachota bonge, akalitambua. Udongo wake.

"Maji yalikuja, shemeji," fundi akasema taratibu. "Yakakuta mahali pao pamekaliwa."

Jamani, mvua ilimnyima nini mama yule? Nasi tukitangaziwa mgao wa umeme, macho yote mawinguni. Nani anatazama ukingo wake? Tunaomba neema, neema inashuka, inakuta kifua kimejaa tope la tamaa, inapita zake. Halafu tunamuuliza Mungu!

Mayai yale hayakuanguliwa. Mama aliyarudisha matete kwa mikono yake, kijiji kikazoa tope. Alipofariki, mwanawe alirithi shamba, dogo kuliko lilivyokuwa. Mkwewe alirithi mashine. Taa za kiangazi walizirithi watoto wa kijiji kizima. Na nyoka wakarudishiwa urithi wao, matete.