Shimo Alilolisiriba Wendo

Shimo la kupimwa halisiribwi.

Ndivyo Nyemo alivyomwambia baba yake, Mzee Chidawali, siku ile wajukuu walipokuja kumsalimia baada ya msiba. Walikuwa wamemwuliza babu hali yake, naye akawajibu kama alivyowajibu wote waliofika tangu mazishi ya mkewe: "Sijambo, wanangu. Mimi mzima kabisa." Nyemo alikuwa akipepeta uwele karibu na mlango. Hakuinua kichwa. Alisema maneno yale tu, na mzee akatazama pembeni.

"Shangazi, ni shimo gani hilo?" akauliza mjukuu mmoja. "Hata zahanati tumemsikia muuguzi akimwambia hivyo mgonjwa."

"Muuguzi ameyatoa kwetu. Yalianzia nyuma ya nyumba hii. Mwulizeni babu yenu."

Babu akamwashiria Nyemo kwa kidevu. Basi Nyemo akaweka ungo chini akaanza kusimulia, na Mzee Chidawali akasikiliza kama mtu anayesimuliwa safari aliyokwenda mwenyewe.

Methali hii ina umri sawa na viwanja vya kijiji chetu hiki cha Chilolwa. Kabla ya hapo, mtu akitaka kujenga alichagua mahali, akaita ndugu na majirani, pombe ikapikwa, na tembe likasimama kabla watu hawajalewa sawasawa. Kisha wapimaji wakaja, wakachimbia mawe yao ya mpaka, na kijiji kikaambiwa kuwa sasa anayejenga nyumba ya kudumu sharti awe na kibali. Nyumba iache nafasi kutoka mpakani. Choo kiwe mbali na kisima. Mchoro upelekwe halmashauri ukagongwe muhuri.

"Yaani nikitaka kuchimba shimo uani kwangu, niombe ruhusa?" Chidawali aliuliza mkutanoni, na watu wakacheka. Lakini yeye hakuwa akichekesha. Alikuwa na haja ya shimo lile kuliko mtu yeyote pale.

Mkewe, Wendo, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Nyemo, nyonga ilikuwa imemwishia. Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilikwenda minada yote ya jirani, na watu walisema chungu cha Wendo hakitoi jasho. Miaka mingi ya kuchuchumaa mbele ya udongo ilikuwa imeula mfupa. Choo kilikuwa mwisho wa boma, ng'ambo ya zizi. Masika yaliyopita aliteleza akienda huko, akalala matopeni mpaka mume aliporudi na mbuzi. Alipomwuliza ameumia wapi, Wendo alijibu, "Sijaumia. Nilikuwa napumzika." Chidawali akaapa mbele yake kwamba masika mengine hayatamkuta akitoka nje kwa haja. Angemjengea nyumba yenye choo ndani.

Mchoro ulipita. Kilichobaki kilikuwa ardhi yenyewe kupimwa, na kwa kazi hiyo halmashauri ilimtuma Mhandisi Tumpe, binti wa Kinyakyusa. Kwao Tukuyu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mtu huhangaika namna ya kuyaondoa maji, si namna ya kuyapata. Alizunguka uani, akapima umbali wa kisima, akaonyesha mahali.

"Chimbeni hapa, mzee wangu. Upana wa karai, kina cha kiunoni. Mlijaze maji, likipungua mwongeze, ardhi ilowe vizuri. Alhamisi nitakuja niangalie maji yanakaaje."

"Yanakaaje," akarudia Chidawali.

"Ndiyo. Yanakaaje. Nisipoona mwenyewe siwezi kusaini. Tena mvua zikianza gari halipiti, tutaonana mwakani."

Akapanda gari akaenda. Na neno lile likabaki uani.

Sasa sikilizeni. Ukimwambia mtu wa Tukuyu unaangalia maji yanakaaje, ataelewa unataka kujua yana hali gani. Mgogo ukimwambia hivyo, atasikia unataka kujua kama yanakaa. Na sisi katika nchi yetu hii, maji yanayokaa ndiyo utajiri. Lambo huchimbwa, ng'ombe wakaingizwa walikanyage tope la mfinyanzi mpaka lishikane, ili tone lisipotee. Mtu akiwa na lambo linalovuja hualikwa harusini mara chache.

Chidawali alichimba, akajaza. Maji yakanywewa yote. Akajaza tena. Yakaenda. Mtani wake Mgovano, Mhehe aliyeoa kijijini, alikuja akasimama ukingoni akichungulia.

"Hili si shimo, mtani. Hili ni koo la mjomba wako."

"Nenda kwako, Mgovano."

"Naenda wapi? Nataka niwepo mwanamke wa watu akija kutazama shimo kavu. Atasema Wagogo kweli wameishiwa, hata ardhi yao ina njaa."

Chidawali akaenda kumfunga punda madumu ili arudi kisimani, na mkewe aliyekuwa kivulini akamwona mabega yalivyoanguka. Mumewe hakuwahi kuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa amevuta maji tangu asubuhi, na hiyo Alhamisi yenyewe ilikuwa kesho yake.

Yaliyofuata mume hakuyaona. Alikaa kisimani muda mrefu, foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi alilijaza shimo lile pasipo matumaini, akaketi ukingoni asubiri aibu. Maji hayakushuka. Akasogea karibu, akaona mbingu imetulia humo ndani kama kwenye kioo.

"Mama Nyemo!" akaita. "Njoo uone! Ardhi imeshiba!"

"Naiona kutoka hapa," akajibu Wendo, akitabasamu, mikono yake ameificha ndani ya kitenge.

Mhandisi Tumpe alipofika alisimamisha ufito ndani ya maji, akautia alama usawa wa maji, akakaa juu ya jiwe kusubiri. Chidawali alisimama nyuma yake kama baba wa bwana harusi. Mgovano naye alikuwepo, kimya kwa mara ya kwanza. Kivuli cha ufito kikasogea. Alama na maji vikabaki pamoja.

Mhandisi akainuka, akajipangusa vumbi. Uso wake ulikuwa na huruma, na Chidawali hakuelewa huruma hiyo ni ya nini.

"Pole, mzee wangu. Siwezi kukupa kibali cha choo cha ndani."

"Kwa nini? Si umeona? Yamekaa!"

"Ndiyo sababu. Maji ya choo cha ndani hutoka kwenye karo la kutulizia uchafu yakaingia kwenye shimo la kunywea, na ardhi inatakiwa iyanywe. Hii yako hainywi. Yatajaa, yatapanda juu, yatatapakaa uani mpaka kisimani. Utawaua watu. Ingekuwa mjini ningekwambia chimba shimo la kunyonywa na gari la majitaka. Hapa gari hilo litapita wapi?"

Chidawali alitazama njia ile ya kwenda mwisho wa boma, ng'ambo ya zizi. Upande wa mashariki mawingu ya kwanza yalikuwa yamekwisha kujikusanya. Mhandisi alikuwa tayari anauchomoa ufito.

Wakasikia fimbo ikigonga ardhi. Wendo alikuwa anakuja, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mwanangu," alimwambia mhandisi, "usiandike bado. Hilo shimo nimelisiriba mimi."

"Umelifanya nini, mama?"

"Nimelisiriba. Kwa udongo wangu wa vyungu. Nililala kifudifudi hapo ukingoni. Mkono ulipofika nikasiriba kwa kiganja, usipofika nikadondosha tope nikashindilia kwa mchi. Nilimwona mume wangu anabeba maji yanapotea, mtani anamcheka. Nikasema, mgeni kaja kuona kama yanakaa, basi na yakae."

Chidawali alimtazama mkewe, ambaye kuinama kufunga kiatu ilikuwa shida, akafikiri alivyolala kifudifudi kwenye vumbi kwa ajili yake. Hakujua akasirike au alie.

Mhandisi ndiye aliyekasirika kwanza. "Mama, nimekuta watu wengi wananidanganya. Hutoboa chini ili maji yakimbie wapate kibali. Lakini ninyi! Mmevunja mlango mkaiba vya kwenu wenyewe!" Alipofika hapo sauti yake ikaanza kuyumba, akajiziba mdomo, lakini kicheko kikamshinda. Mgovano akaona ruhusa imetoka.

"Nilijua! Mgogo hata choo lazima akifanye lambo! Kesho mngeleta na ng'ombe wanywe!"

Wendo akacheka hadi akaegemea bega la mumewe. Kisha akaacha kucheka.

"Sasa si ukwangue, mwanangu, upime?"

"Hapana. Udongo ukishasiribwa hausemi kweli tena, hata ukiukwangua. Lichimbwe jingine."

"Na mvua?"

Mhandisi alitazama mawingu, akamtazama mama yule na fimbo yake. Akaenda kumwambia dereva ashushe mkoba.

Alilala tembeni kwao siku hiyo. Alikula ugali wa uwele na mlenda, na mlenda ukamtoroka vidoleni, wakamcheka wote. Mgovano ndiye aliyechimba shimo jipya, kwa faini ya mdomo wake. Walilijaza, likanywa. Wakajaza, likanywa. Chidawali alikuwa akisikia ardhi ile inavyomeza, na safari hii alitamani imeze zaidi. Asubuhi mhandisi alipima, akasubiri, akapima tena, akasaini juu ya goti lake. Gari lilivuka korongo kabla ya matone makubwa.

Wakati gari linaondoka ndipo Wendo aliposema, akilitazama shimo lake la kwanza, ambalo bado lilikuwa limejaa pomoni: "Basi Baba Nyemo, shimo la kupimwa halisiribwi."

Lilikuwa neno la mzaha. Miaka mingi baadaye, Wendo akiwa tayari amezoea nyumba yake na choo chake, daktari alimwuliza anaumwa wapi, naye akajibu kama kawaida yake kwamba haumwi, amechoka tu. Chidawali aliyekuwa amekaa kando ya kitanda akamwambia polepole, "Mama Nyemo. Shimo la kupimwa halisiribwi." Wendo akaonyesha kwa mkono. Hapa, na hapa. Tangu lini? Tangu kiangazi. Dawa zikampa masika mengine mawili. Muuguzi aliyekuwa amesimama pale ndiye aliyelichukua neno hilo akaenda nalo.

Nyemo alimaliza, akauvuta tena ungo. Wajukuu walikuwa wamegeuka kutazama nyuma ya nyumba, kule ambako bado kuna shimo la upana wa karai, kuta zake nyororo kama chungu. Kila mvua ikinyesha hujaa, na ndege huja kunywa. Mzee hajawahi kukubali lifukiwe.

Mjukuu mdogo akamgeukia. "Babu, hali yako vipi?"

Mzee Chidawali alipapasa mkeka, pale upande wa kushoto ambapo hakukuwa na mtu.

"Silali, mjukuu wangu," alisema. "Nikiingia ndani nasikiliza fimbo yake. Chakula nakiona, hakipiti. Nyumba hii niliijenga kwa ajili ya mtu mmoja."

Nyemo aliacha kupepeta. Akaja akaketi upande ule wa kushoto, naye mzee akautua mkono wake juu ya wa binti yake.

"Haya," akasema. "Nimesema. Mama Nyemo aliniachia neno. Shimo la kupimwa halisiribwi."