Debe la Majivu la Namkunda

Mpweke hapewi, huombwa. Mmeisikia bustanini leo, mkauliza ni mtu gani mwenye moyo mgumu aliyeitunga. Hakuwa na moyo mgumu hata kidogo. Methali hii ilianza hivi.

Katika kitongoji kimoja cha milima ya Upare, wanawake walikuwa na bustani ya pamoja chini ya ndiva, yaani bwawa la kumwagilia. Kila mmoja alikuwa na tuta lake, lakini maji, samadi na mazungumzo vilikuwa vya wote. Nyumba ya Namkunda ilipakana na bustani hiyo, na yeye ndiye aliyezoea kuwatangulia wenzake kufungulia maji asubuhi.

Mumewe, Elinaza, akafariki. Watu walimzika, wakakaa matanga, na hata matanga yalipokwisha hawakumwacha mjane. Huyu alileta makande, yule ndizi. Kuni aliletewa, maji akachotewa, na tuta lake likapaliliwa na wenzake. Hakuna aliyekosea. Ila kwao sahani ya jirani hairudi tupu; utaweka humo japo parachichi moja. Namkunda hakuwa akipika wala kulima, basi hakuwa na cha kuweka. Sahani zikarundikana kando ya kitanda, na kila alipozitazama alijiona ombaomba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ikafika siku mtu akibisha hodi, yeye hunyamaza mpaka aende zake. Chakula wakawa wanakiacha kizingitini. Alikula kidogo, kisha kidogo zaidi. Mwili ulikuwa ukimwisha, naye alianza kuamini kwamba kitongoji kingepata nafuu asipokuwepo.

Asubuhi moja akaja Nakijwa, jirani yake wa upande wa juu.

"Hodi, dada."

Akabisha tena.

"Dada Namkunda, leo sikuleta kitu. Nimekuja kuomba."

Neno hilo lilimshangaza Namkunda. Akaufungua mlango nusu.

"Uombe nini kwangu mimi?"

"Majivu. Viwavi wameingia kwenye miche ya kabichi. Tusipowanyunyizia, tutavuna vijiti."

"Si uchukue tu, jikoni ni pale..." Namkunda akageuka kuonyesha, akayaona mafiga yake. Yalikuwa ya baridi, na buibui ametanda utando katikati. Akashikwa na aibu, lakini haikufanana na ile ya sahani. Hii ilimtia hasira, na hasira ikamtia nguvu miguuni.

"Sasa hivi sina," akasema. "Njoo jioni."

"Nitakuachia debe. Na usinipimie kwa kijiko kama chumvi."

"Nakijwa, lini nimekunyima kitu?"

"Ndiyo maana nimekuja hapa."

Debe halijazwi kwa moto wa kuchemshia chai. Namkunda aliwasha kuni, na kwa kuwa aliona haya kuuacha moto uwake bure, akabandika maharage. Yalipoiva akala. Akachungulia debe, bado. Akabandika magimbi. Jioni hakumngoja Nakijwa. Alijitwika majivu, akashuka mwenyewe bustanini.

Alihofia kwamba wenzake wangemzunguka na kuanza kumlilia. Lakini mmoja wao aliinua uso tu, akasema, "Umechelewa, dada. Mstari ule wa mwisho ni wako." Namkunda akainama, akaanza kunyunyizia. Mgongo ulimuuma, akafurahi kwamba unauma.

Siku chache baadaye alipita nyuma ya jiko la Nakijwa, akaona rundo la majivu lililomfika magotini.

"Na haya ni ya nani?" akauliza.

"Hayo ni ya zamani."

"Majivu nayo huchacha?"

Nakijwa akacheka, akaendelea kuchambua mboga. Namkunda akakaa chini, akamsaidia.

Mwaka uliofuata Mzee Kitururu alifiwa na mkewe. Mzee huyu alikuwa fundi wa kunoa majembe ya kitongoji kizima. Matanga yalikwisha, naye akajifungia ndani, tupa yake ya kunolea ikaota kutu. Wanawake wakakutana bustanini kupanga zamu nyingine ya kumpelekea chakula.

"Alicholetewa kinatosha," Namkunda akasema. "Nani ana jembe butu?"

Hakuna aliyekuwa nalo. Msimu ulikuwa ndio kwanza umeanza, na kila mtu alikuwa amekwisha kulipeleka jembe lake kunolewa kijiji cha pili.

Namkunda akachukua la kwake, akapiga magoti kando ya njia, akaanza kuyagonga makali yake kwenye jiwe mpaka yote yakapinda.

"Dada, mbona unaharibu jembe zima?" Nakijwa akauliza.

"Mpweke hapewi," Namkunda akajibu bila kuinua kichwa, "huombwa."

Kisha akaliweka begani, akaenda kupiga hodi.