Pembe za Kapteni Choroa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jangwa, na kisima kimoja tu.

Hapo zamani mbweha walikiteka kisima hicho, wanyama wengine wakafa kwa kiu. Likaundwa jeshi. Likapata gari la chuma lenye mzinga, lile ambalo askari huliita kifaru. Mkuu wake alikuwa Kapteni Choroa, mnyama wa jangwani mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka. Mpiga mzinga alikuwa Pimbi, mtoto wa pekee wa mama yake. Dereva alikuwa Nungunungu. Huyo alikaa mbele peke yake, na sababu mnaijua.

Choroa akaingia, akaketi. Pembe zikabaki nje, kifuniko cha juu ya gari hakifungi.

Nungunungu akasema, "Afande, tuzikate, kifuniko kifunge."

"Pembe za choroa hazikatwi."

Ndiyo mila yao. Kwa kina Choroa, aliyekatwa pembe haketi tena barazani na wenzake, hata awe na mvi mpaka kwenye kope.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Risasi zikaanza kulia.

"Afande, tuzikate!"

"Pembe za choroa hazikatwi."

Kisima kikaonekana. Na mbweha nao wakaziona pembe, zinang'aa juani. Pimbi akamshika mkuu wake mguu.

"Afande, nina mama."

Choroa akainua macho kwenye pembe zake. Mimi nasema alitaka kukubali. Lakini mdomo ulishazoea: "Pembe za choroa hazikatwi."

Pimbi akafyatua mzinga, mbweha wakatawanyika. Mmoja akabaki. Akaparamia gari, akatumbukiza bomu kwenye ule uwazi. Choroa akarushwa nje. Nungunungu akatokea mlango wa mbele. Pimbi hakutoka.

Kisima kikarudi, ngoma zikalia, Choroa akavishwa nishani. Hakungoja karamu. Akaenda kwa mama Pimbi.

"Hodi!"

"Karibu, baba. Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, kisima tumekipata."

"Nakuuliza mwanangu."

Choroa akainamisha kichwa. Mama akazitazama zile pembe, moja, kisha ya pili.

"Zako nimeziona, baba. Nzima, hazina hata ufa. Na wangu nionyeshe."



Wanangu, heshima ya mkubwa isilipwe kwa damu ya mdogo. Hadithi naitua hapa: utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni. Na wewe mwenye kofia ndefu, usinitazame hivyo. Nimesema choroa.