Siku Madebe Yaliponyamaza Bondeni

Ndugu zangu, wiki hii sikutulia. Mtu mmoja wa humu humu, sitamtaja, alinishika mkono pale nje akaniambia, "Mchungaji, nimeomba mpaka nimechoka. Mungu amenyamaza." Nikalichukua neno lake. Nikaenda nalo nyumbani, nikala nalo, nikarudi nalo. Basi leo sina jibu, nina mfano.

Alikuwapo mama mmoja, mkulima wa mpunga kule bondeni. Mpunga wake ulikuwa umeinamisha vichwa, umebakiza siku kumi kuvunwa, na ninyi mliolima mpunga mnajua siku kumi hizo ni za nani. Ni za kwelea kwelea. Vindege vidogo, hata kiganja havijazi, lakini vikishuka kwa pamoja, jaruba zima la mpunga linabaki makapi kabla hujamaliza kusema Bwana asifiwe. Ndiyo maana wakati huo bonde zima huamia ndege. Kila mwenye shamba yuko juu ya dungu lake, jukwaa la miti, tangu alfajiri, anapiga debe, anapaza sauti, anarusha madongo kwa kombeo, na hakuna kushuka mpaka jua lizame. Mume wa mama huyu alikuwa nyumbani na mguu uliovunjika, kwa hiyo mama aliamia peke yake, na chini ya dungu alikuwa amemketisha binti yake wa miaka minne, anafinyanga wanasesere wa udongo. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula chao mpaka mavuno mengine. Hawakuwa na kingine.

Saa tano mama akatazama chini. Wanasesere wapo, mtoto hayupo.

Mnadhani alifanya nini? Alifanya kile ambacho yeyote wa bonde lile angefanya: alipiga debe kwa nguvu zaidi, ili mtoto asikie aifuate sauti. Alipiga mpaka fimbo ikavunjika. Lakini debe ni debe. Madebe arobaini yalikuwa yakilia bondeni, na mtoto wa miaka minne atalijuaje la mama yake? Tena mpunga ulikuwa umemzidi kimo. Na saa sita, kama ilivyo kila siku, mlinzi wa maji angefungua lango la juu, na mfereji mkuu ungejaa.

Mama akashuka. Akakimbia juu ya matuta, anaita, anasimama, anasikiliza, anasikia madebe tu. Anakimbia tena. Jua nalo linapanda, halimsubiri mtu.

Jirani yake alikuwa mzee wa kanisa, kama hawa mnaowaona wameketi hapa mbele. Mama akamsihi anyamazishe debe lake kidogo tu. Mzee akajibu huku anapiga.

"Mama, wewe mtafute, mimi niko nawe katika maombi. Lakini nikinyamaza, ndege hawa hawatanibakizia hata punje."

"Baba, mkipiga, hata akilia sitamsikia."

"Na shamba lako, nani analiamia?"

Mama akageuka akalitazama. Ndege walikuwa wameshaliona dungu tupu, wanazunguka juu yake, wanapima. Moyo ulimuuma, nisiwadanganye; mpunga ule aliupandikiza mwenyewe, shina kwa shina, mgongo umepinda. Kisha akalipa shamba kisogo. Kumbe muda wote huo alikuwa bado amelibeba debe lake mkononi. Akaliweka chini kwenye tuta, mbele ya macho ya mzee, na ndege wakashuka.

Mzee aliwaona wakishuka, na akamwona mwenye mpunga hageuzi hata shingo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hata asiyeujua ana macho. Fimbo ikawa nzito mkononi, akaacha kupiga. Wa pili akauliza kuna nini, akaambiwa, akaacha. Na wa tatu. Habari ikapita dungu kwa dungu, na bonde ambalo halikuwa limenyamaza tangu mpunga uchanue, likanyamaza. Zilisikika mbawa tu, za ndege wakila.

Mama akasimama katikati ya kimya kile, amezuia pumzi. Hakuna kitu. Akangoja. Hakuna kitu. Je, ninyi mngeweza kusimama hivyo, bila kukimbia, bila kuita? Mimi nisingeweza.

Ndipo mtoto akalia.

Sauti ilitoka kwenye matete ya mfereji mkuu, upande ambao hakuna aliyeufikiria. Walimkuta miguu imenasa kwenye tope mpaka magotini, na maji yameshaanza kuja, yanamfika kifuani. Mama aliingia na nguo zake zote akamng'oa.

Alipomfunga mgongoni kwa kanga, mama akamuuliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: mbona hakulia tangu mwanzo?

"Nilikuwa nasikia debe," mtoto akasema. "Nikajua upo. Likanyamaza, nikadhani umeniacha, umeenda nyumbani."

"Nilinyamaza nikusikie, mwanangu."

Sasa sisi. Madebe yetu yakilia vizuri, mwili una afya, kazi ipo, kwaya inaimba Jumapili, tunasema Mungu yupo, na tunakaa kwenye tope letu tumetulia kabisa. Maji yanapanda, sisi tumetulia. Siku yakinyamaza tunasema amekwenda zake. Najua mfano wangu unachechemea hapa: Mungu hana masikio mazito, hahitaji bonde linyamaze ndipo asikie. Lakini sisi je? Yule mtoto, kama debe lingeendelea kulia, angelia saa ngapi? Maji yangemfika puani bado anasema mama yupo.

Na msisahau shamba. Mama yule alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, nyuma yake majaruba ya makapi, na hakuna aliyemsikia akimlaumu mtoto hata kwa neno moja. Hayo ni mapenzi ya mama wa bondeni, binadamu kama sisi. Baba yetu wa mbinguni yeye aliacha nini kwa ajili yetu? Inueni macho mtazame msalaba huo ukutani. Aliyemtoa Mwanawe pale, atakwendaje nyumbani bila wewe?

Na wewe uliyenishika mkono pale nje, unajijua. Usirudi kwangu kuniambia amenyamaza. Lia.