Funga Mpaka Igome

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya majuzi tu, msinisubirie mfalme wala jini, palikuwa na mshona nguo wa Muheza aitwaye Zawena. Mumewe, Hemedi, alikuwa na gari dogo na mapenzi mawili: binti yao Yusra wa miezi tisa, na muziki wa kutikisa kifua. Basi akaenda kwa Fundi Mbaruku kufungiwa sabufa, ile spika kubwa ya besi.

Fundi akaweka boksi la spika nyuma ya kiti cha nyuma, na amplifaya, mashine ya kukuza sauti, chini ya kiti cha dereva. Akamwonyesha Hemedi skrubu tatu ndogo za kuzungusha kwa bisibisi.

"Hii inazuia sauti nyembamba zisiingie kwenye sabufa. Hii inanenepesha besi, usiizidishe. Na hii ndiyo geini. Watu wanadhani ni ya kuongeza sauti, siyo. Geini inaamua amplifaya ipokee kwa nguvu gani kinachotoka redioni. Ukiizidisha, redio inanong'ona, sabufa inapiga mayowe."

Akatia alama ya rangi ya kucha, nyekundu, pale geini ilipotulia. "Usipite hapa, kaka."

"Nimekuelewa, fundi."

Alielewa wapi! Hakufika hata nyumbani, kashaongeza besi mwenyewe.

Ijumaa wakafunga safari kwenda Korogwe kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Zawena alikaa nyuma na Yusra. Njiani sabufa ikaanza kukoroma, boksi linatetemeka mgongoni mwao, mtoto analia. Zawena akapaza sauti.

"Baba Yusra, punguza, mtoto anaogopa!"

"Ngoja nimpigie fundi."

Akaegesha gari, akaizima redio ili asikie simu. Kuizima aliizima, kuipunguza sauti hakupunguza. Fundi alikuwa na mteja, akajibu mbiombio: "Funga geini! Ile ya alama nyekundu, funga yote!" Akakata simu.

Hemedi akampa mkewe bisibisi. "Ipo hapo chini ya kiti changu. Funga yenye alama nyekundu, mpaka igome."

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mafundi wa muziki wakisema funga, maana yake punguza, kama unavyofunga bomba la maji. Lakini Zawena alikuwa na cherehani miaka kumi na miwili. Kwake yeye skrubu hufungwa kwa kuzungushwa kulia, ikaze. Na geini ukiizungusha kulia, inapanda.

Akamlaza Yusra kitini, sikio la kushoto limeelekea kwenye boksi. Akainama, akazungusha kulia. Skrubu ikaipita rangi. Mkono ukasita. Aliogopa, wallahi aliogopa.

"Baba Yusra, nimepita alama. Si ulisema isipitwe?"

"Fundi mwenyewe kasema yote!"

Akazungusha. Ikagoma, haizunguki tena.

"Tayari?"

"Tayari."

Hemedi akawasha redio.

Mshindo ule siwezi kuuiga, jamani. Vioo vilitetemeka, Hemedi akapapasa mpaka akaizima. Zawena akamnyakua mtoto. Yusra hakulia. Kinywa wazi, macho yametoka, sauti hakuna. Zawena akamtikisa, anaita, "Yusra! Mama! Yusra!" Ndipo kilio kikatoka.

Kesho yake Zawena akamwita kutoka kushoto. Mtoto akageukia kulia. Akapiga makofi. Akageukia kulia tena. Akagonga sufuria, ikawa vile vile. Wakaenda hospitali. Daktari akapima, akapima tena: sikio la kulia zima, la kushoto halisikii, na huenda lisisikie kamwe.

Watatu wakakutana sebuleni kwa Zawena.

Hemedi akamwambia fundi: "Wewe ndiye uliyesema funga. Ungesema punguza, mwanangu angekuwa mzima."

Fundi akasema: "Neno hilo nalisema kila siku na hakuna aliyewahi kuumia. Lakini geini niliiacha sawasawa. Nani aliyechokonoa besi? Nani aliyewasha redio bila kuipunguza kwanza?"

Halafu wote wawili, pole pole, wakamtazama Zawena.

"Naam," akasema Zawena. "Nyie hamkuiona rangi ikipitwa. Mimi niliiona. Mwili mzima uliniambia acha, nami nikazungusha. Lakini niliuliza, Baba Yusra. Si niliuliza?"

Yusra alikuwa anatambaa mkekani, na kila akiitwa anageukia kulia tu, hata aitwe na nani.

Zawena hapati usingizi. Anachokiogopa ni siku moja: mtoto atakapokua, atashika sikio lake la kushoto na kuuliza, "Hili nani alilifunga?"

Haya, nyie mlionisikiliza kwa masikio mawili: siku hiyo, nani anastahili kusimama mbele yake na kusema, "Ni mimi"?