Fisi Asiyefanana na Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kwa uvivu, mmeshiba nini? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, runinga hazijazaliwa bado, wanyama walikuwa na mchezo wao wa kuigiza uwanjani. Mwenye mchezo alikuwa Kasuku, na Kasuku mnamjua, akishika neno haliachi. Kila Ijumaa ni yale yale: Fisi mlafi, Fisi mjinga, Fisi kaiba mfupa, Fisi kapigwa. Na aliyeigiza Fisi hakuwa fisi. Alikuwa Mbwa! Anajipaka madoa ya masizi, anachechemea, che-che-che, anacheka, hii-hii-hii! Wanyama hoi, mbavu hawana.

Fisi mwenyewe, Bi Mize, alikuwa na binti mmoja, Kidoa. Kidoa akienda kisimani, wenzake humzunguka. "Chechemea! Chechemea tuone!" Mwisho akagoma kutoka pangoni. Siku moja mamake akamwona anachechemea humo humo ndani.

"Mwanangu, umeumia?"

"Sijaumia, mama. Kwani si ndivyo fisi wanavyotembea?"

Weee! Bi Mize roho ikamuuma, machozi yakamtoka. Akashika njia mpaka kwa Kasuku.

"Hodi!"

"Karibu."

"Bwana Kasuku, nataka niigize Fisi mimi."

Kasuku akamtazama juu, akamtazama chini. "Tembea." Akatembea. "Cheka." Akacheka. Kasuku akatikisa kichwa.

"Bi Mize, usikasirike. Wewe hufanani na fisi."

Mmesikia, jamani? Fisi hafanani na fisi!

"Madoa yako yamepauka," Kasuku akasema. "Mguu hauchechemei. Nenda kwa Mbwa akufundishe."

Ningekuwa mimi, ningemnyonyoa manyoya yote. Bi Mize akasema, "Ahsante, nitajifunza." Akaenda kwa Mbwa, akakaa wiki nzima, anamtazama tu. Mwanamke yule alikuwa na subira, nawaambia!

Ijumaa ikafika. Kidoa akabembelezwa, akaja, akajibanza nyuma ya wote. Bi Mize akatokea, masizi juu ya madoa yake. Che-che-che! Hii-hii-hii! Wanyama wakacheka. Mara akasahau mguu, akachechemea kwa wa pili. Akanusa mfupa, mkia ukaanza, tiki-tiki-tiki! Akaketi akajikuna viroboto, kwaru-kwaru. Kisha, "Bwe! Bwe!"

"Aa!" akapiga kelele Nguruwe. "Huyo si Fisi! Huyo ni Mbwa!"

"Ndiyo, ni Mbwa," akajibu Bi Mize. "Miaka yote mmemcheka Mbwa, mkasema mnanijua mimi."

Kasuku akaficha kichwa chini ya bawa. Aliyeangua kicheko ni Mbwa mwenyewe. "Mkia wangu kabisa huo! Bi Mize, umeniweza! Mchezo ni wako, mimi nimevua masizi."

Bi Mize akajifuta uso. "Mnataka kumwona fisi? Basi tazameni."

Akatembea. Miguu minne, taratibu, kichwa juu, hadi mwisho wa uwanja. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Kidoa akatoka nyuma ya watu. Akapita katikati yao wote, hatua zimenyooka, akaenda zake kisimani kunywa maji.

Wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: ukitaka kumjua mtu, mwendee mwenyewe, usimwulize anayemwigiza. Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu ni yenu, ikiwa chungu niachieni mwenyewe.